Dadu Mbili za Lifti

Lifti yetu hapa Gldani hula sarafu.
Usipoilisha haikubebi, hata uwe na viazi kilo kumi
na magoti kama yangu, yaliyoanza kugoma
kabla mimi sijastaafu.
Tetri kumi: inakohoa, inapanda.
Miaka thelathini nimebonyeza kumi, kumi, kumi.
Kidole kinaijua namba ile gizani
kama ulimi unavyolijua pengo.

Jumanne moja ya Februari
mvua ikishindwa kuamua kama ni theluji,
nikakuta dadu mbili mfukoni mwa koti,
za nardi, tuliyokuwa tukicheza na Vazha
kabla hajahamia Kutaisi kwa dadake
akaniachia ubao na deni la michezo sita.
Nikazirusha sakafuni, mle mle ndani ya lifti.
Tatu na moja.
Haya, Nanuli. Nne.
Hesabu hujawahi kukosea.

Sheria nilizitunga nimechutama, nikiokota:
Shuka dadu ziliposema.
Gonga mlango wa kwanza wenye mwanga chini yake.
Omba kitu usichokihitaji.
Usirushe mara mbili.

Ghorofa ya nne akafungua mtoto, Tekla,
meno mawili ya mbele yako likizo.
"Naomba kijiko cha chumvi."
Akanitazama, akautazama mfuko wangu,
pakiti ya chumvi inachungulia juu ya viazi.
"Unayo."
"Hii ya kupikia. Nataka ya kutembelea."
Hakucheka. Aliileta kwenye kifuniko cha chupa,
akanimwagia kiganjani polepole, kama dawa,
akauliza kama kesho nitaitembelea na sukari.

Tangu hapo, mwezi mzima, nimechelewa kufika kwangu.
Ghorofa ya saba mtu anafuga kware kwenye beseni la kuogea
na huoga kwa mamake.
Ya sita giza tupu, milango yote imelala;
nikacheza duru moja peke yangu ukumbini,
viazi vikiwa ndiye mwenzangu, tena mzito wa miguu.
Ya tisa, Tsiala alinivuta hadi dirishani:
upande wao treni inaonekana!
Treni! Miaka thelathini nimeisikia
nikidhani ni friji yangu.

Kisha zikatoka sita na tano.
Kumi na moja ni kwa Guram.
Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema;
ya Guram yalijua njia, yakashuka darini mwangu,
yakachora ramani ya nchi isiyokuwepo,
na kwa ajili ya nchi hiyo
hatujasalimiana mwaka wa nane huu.
Nikazirusha mara ya pili.
Ndiyo, nilivunja sheria.
Sita na tano.
Lifti ikapanda inacheka kwenye minyororo yake.

Alifungua amevaa kandambili na uso wa mahakamani.
Kichwa changu kikawa cheupe, mdomo ukaenda wenyewe:
"Naomba maji. Glasi moja tu."
Kimya.
"Yale ya mwaka ule hayakutosha?"
Akayaleta. Akasimama mikono kifuani
kuhakikisha namaliza hadi tone.
Nikamaliza. Akafunga mlango.
Akaufungua tena, upana wa pua:
"Kesho je?"
"Mimi sijui. Zinazojua ziko mfukoni."

Nimepiga hesabu, desturi ya kazi:
dadu mbili hazitoi moja hata ukizibembeleza,
kwa hiyo Jumapili naacha moja mezani
ili Eteri wa ghorofa ya kwanza
asife bila kuombwa kitu.

Lakini jana usiku,
nimekaa jikoni, nyumba giza, nabana umeme,
nikasikia lifti inakohoa,
na ndani yake kitu kidogo kikibingirika, kikagonga chuma, kikatulia.
Dadu zangu zilikuwa mbele yangu, mbili, kando ya chai.
Lifti ikapanda. Ikapita nane. Ikapita tisa.
Nikakimbia, mimi, na magoti haya,
kuwasha taa.