Kopo la Nyaboke

Kila Jumapili jioni naigeuza baiskeli,
miguu juu kama mbuzi wa kuchunwa,
nalizungusha gurudumu la nyuma polepole,
kidole gumba juu ya mpira
kikisoma kama kipofu asomavyo.
Hapa mkwaruzo. Hapa kokoto, itoke.
Hapa kitu kinang'aa: Ijumaa ya mlevi fulani.
Nakichokoa kwa sindano ya magunia
kabla hakijajifunza njia ya kwenda ndani.

Tairi langu ni jembamba, upana wa vidole viwili.
Lilikusudiwa lami ya watu wengine.
Mimi nalitoa Umoja saa kumi na moja na robo,
nishike Barabara ya Jogoo malori ya saruji yakiwa usingizini,
nikate Likoni, niingie Viwandani
kwenye harufu ya biskuti zisizo zangu.
Mkuu wa zamu, Bwana Kilonzo, hajui neno pancha.
Anajua saa kumi na mbili.

Mwaka wa kwanza nilipata kumi na tisa.
Kila moja niliitia herufi P kwenye kalenda ya ukutani,
mwanangu akidhani ni siku za posho
akawa ananipokea mlangoni kwa furaha.

Ndipo Nyaboke, fundi wa pale Mutindwa,
asiye na kibanda ila mwavuli wa kampuni ya simu,
akanitolea kopo lake la majani ya chai.
Akalitikisa. Likalia kama kayamba.
Humo ndani, kila alichowahi kung'oa:
miiba ya kayaba iliyokatwa ua, pini za stepla,
jino la kitana, kigae cha taa ya breki,
na nyuzi za chuma, laini kama nywele, mamia.

"Hizi unajua zimetoka wapi?"
Nikasema sijui.
"Kwenye tairi. Wakichoma tairi barabarani,
mpira unapanda kuwa moshi,
waya zinabaki chini, zinangoja.
Hazina haraka. Hata miezi sita."

Sikumwambia kwamba mwezi wa sita
mimi nami nilisukuma moja pale Donholm,
kubwa, la trela,
likaniachia viganja vyeusi siku tatu;
na kwamba tulikuwa na haki.
Bado nasema tulikuwa na haki.

Akalivua tairi langu, akapitisha pamba ndani,
pole, mzunguko mzima.
"Ikinasa, pana waya. Usitumie kidole.
Kidole kina damu, pamba haina."
Ikanasa mara tatu.
Akachana tyubu kuukuu kwa urefu,
akaitandika kati ya tairi na tyubu nzima,
shuka juu ya godoro.
"Na upepo usiupime kwa kufinya, nunua geji.
Likilegea, shimo litaligonga kwenye rimu,
utapata matundu mawili kama ya kifungo.
Na acha kujibanza ukingoni!
Magari hufagilia taka zote kule.
Panda katikati ya nafasi yako, wapige honi."

Hili la mwisho ndilo gumu.
Nimelelewa kupisha.

Mwaka huu P ni nne tu.
Mwanangu analalamika.
Ya nne ilikuwa leo, mbele ya Makadara,
giza bado, sssss, kama mtu anayeninyamazisha.
Nikakaa juu ya jiwe la barabara,
kiraka, gundi, subiri, puliza, dakika kumi na moja,
gumba likiutafuta mpaka likaupata:
uzi mmoja wa chuma, mfupi kama punje ya mchele,
umepita pamba, umepita shuka, umepita Jumapili zangu zote.

Jioni nikampelekea Nyaboke.
Hakuuliza. Alifungua kopo tu.
Nikaudondosha. Haukulia hata kidogo.
Nikainama kuutazama tena,
na kati ya mamia yale
sikuweza kuutambua ulio wangu.