Kengele: Ipo / Haipo

Nimefika Rau saa tatu, Jumanne,
fomu kwapani, kurasa kumi na moja,
na kalamu ya ofisi isiyoandika mpaka uitikise.
Mlima umejifunika gubigubi
kama mgonjwa asiyetaka wageni.

Makao yananuka rangi mbichi.
Mashuka yana mikunjo ya dukani,
hayajawahi kulaliwa.
Matroni anatabasamu kwa meno yote
(tulipiga simu Ijumaa, kosa letu).

Vitanda? Ishirini na viwili.
Umbali wa choo? Napima kwa hatua zangu,
halafu narudia na Bibi Ndeshukurwa,
mkono wake begani mwangu:
kumi na nne zangu, arobaini na moja zake.
Naandika zake.

Jikoni mtori unachemka, nyama imepondwa
mpaka asiye na jino hana la kulalamikia.
Chumvi kidogo, kwa ajili ya presha.
Alama tano kati ya tano,
na bakuli la pili, ambalo fomu haikuliuliza.

Chumba cha saba, Mzee Anaeli.
"Wanakutunza vizuri, mzee?"
Jicho lake likatangulia mlangoni,
likamkuta matroni, likarudi na jibu:
"Vizuri sana. Hatuna neno."

Miaka tisa nakagua nyumba hizi.
"Hatuna neno" ni neno.

Nikamtuma matroni akalete daftari la dawa,
lile la mwaka jana, la juu kabatini.
Mzee akanyoosha kidole ukutani:
"Bonyeza hiyo."
Kitufe chekundu, kinang'aa kama pipi.
Nikabonyeza.
Nikabonyeza tena.
"Nimetembea na nyaya za reli, mama,
Moshi mpaka Same, miaka thelathini.
Waya uliokufa naujua.
Hiyo haijafa. Haikuzaliwa."

"Na usiku ukizidiwa?"
"Usiku kuna Sifaeli."

Sifaeli yuko uani, anaanua nguo,
vidole vimechubuliwa na sabuni ya mche.
Swali lake halimo kwenye fomu, nalibuni.
Hutandika mkeka katikati ya korido,
milango yote wazi, Julai na baridi yake,
kanga mbili na sweta la marehemu fulani.
Anawajua kwa vikohozi:
kikavu ni cha chumba cha tatu,
cha saba huja viwili viwili.
Bibi Ndeshukurwa hakohoi, huacha kukoroma,
na hapo ndipo yeye huamka.
Zamu yake? Kila usiku.
Na alipougua malaria, mwezi wa nne?
"Nililala palepale. Ila niliwasikia kwa mbali."

Kengele ya dharura: ipo / haipo.

Kalamu nimeitikisa. Wino umekuja.
Matroni amerudi, daftari kifuani:
"Dada, kama ni kusikika, wanasikika."
Ni kweli.
Na nikiandika haipo, pakafungwa,
hawa ishirini na wawili waende wapi?
Kwa wana waliobadili namba za simu?
Nikiandika ipo,
nimemtandika Sifaeli koridoni kama mkeka
mpaka azeeke, awe wa ishirini na tatu.

Nimetia alama: haipo.
Pembeni, pasipo na mistari, nimeandika:
Mtu si waya. Siku kumi na nne.
Apatikane wa pili wa zamu ya usiku.
Kisha, kwa herufi ndogo: mtori, mzuri.

Jioni, Njoro. Mama amekwisha lala.
Mlango wake umefungwa; mimi ndiye huufunga,
redio yake hunikatisha usingizi.
Nimesimama koridoni, viatu mkononi,
najaribu kukumbuka kikohozi chake:
kikavu, au huja viwili viwili?

Nimezungusha kitasa, nimeuacha wazi.
Redio ilikuwa kwenye matangazo ya vifo,
sauti ya chini, jina baada ya jina,
na yeye chini ya blanketi, macho wazi, akisikiliza.