Chumba cha Mashuka, Saa Kumi Alfajiri

Nilimkuta Rayén juu ya lundo la mashuka machafu,
kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi,
hajui anakwenda kazini au anarudi.
Nje, mvua ya Valdivia: siku ya tisa, haijakatika.

"Nimeandika saa ya kifo," akasema,
"kisha nikaiandika tena. Na tena.
Kalamu haikutaka kuondoka pale."

Mimi nilifundishwa jibu moja tu: jikaze.
Nililipokea likiwa la moto, nikalitunza miaka sita,
hata mke wangu amenisikia nikilisema usingizini.

Safari hii nikalimeza.
Nikachukua simu yake ya zamu, nikaitia mfukoni mwangu.
Ikalia papo hapo. Kitanda cha kumi na nne, nani mwingine?

"Kesho jina lako halimo. Nimelifuta mwenyewe.
Na ghorofa ya pili yuko Daktari Oyarzún,
kazi yake kusikiliza.
Alhamisi huwa nakaa kwake saa nzima."

"Wewe?"

"Mimi."

Akakivaa kile kiatu.
Kamba akazifunga polepole, mafundo mawili,
kama anayeshona jeraha la mtoto.