Sanduku la Viatu

Kaka yangu Ognyan aliniachia disketi kumi na moja
katika sanduku la viatu vya baridi, namba arobaini na tatu.
Wengine hurithi shamba la mizabibu. Mimi nilirithi maradhi,
yamelala safu, kila moja na lebo ya penseli.

Hapa Pravets, enzi zile, kiwanda kilitoa kompyuta
kama tanuri linavyotoa mikate,
na vijana waliozielewa walikuwa wengi kuliko kazi.
Akili isiyo na shughuli hujitafutia chawa wa kufuga.

Ya kwanza: "Huyu hukaa mlangoni."
Ukiwasha mashine, yeye ameshaamka kabla yako,
ameketi kwenye sekta ya mwanzo kama bawabu bandia,
anakagua vitambulisho huku akiiba funguo.

Ya tatu: "Huyu hujishonea kwenye programu."
Kikulacho ki nguoni mwako. Waliosema hivyo hawakuiona kompyuta,
lakini pindo walilijua.
Unafungua hesabu za mishahara, naye anafunguka,
anajinakili, anaondoka na jirani aliyekuja kuazima mchezo.
Wakati ule virusi vilisafiri mfukoni mwa koti,
kwa basi la Sofia, vikichelewa kwa theluji kama sisi.

Ya sita ndiyo niliyoipenda. Saa kumi na moja jioni
herufi zilichoka kusimama. Moja ikaanguka, kisha tano,
kisha ukurasa mzima ukawa lundo chini ya skrini
kama majani ya mti wa jozi nyuma ya shule.
Kalinka wa uhasibu alipiga ukelele, akakimbilia ufagio.
Ognyan alicheka hadi akakohoa.
"Haijafuta kitu," alisema. "Imetikisa mti tu."

Kisha mitandao ikaja, na kutembea kukawa ushamba.
Mnyoo hakuhitaji disketi wala mtu wa kumbeba,
hakubisha hodi; palipo na ufa palikuwa pake.
Ikaja barua ya mapenzi kwa watu wasiopendwa na yeyote,
nao wakaifungua (ungefanyaje wewe?),
ikajituma kwa kila jina walilowahi kulihifadhi.
Ukaja mchezo wa bure wenye tumbo kubwa, kama farasi yule wa mbao.
Mgeni njoo, wakasema, mwenyeji apone.
Mwenyeji hakupona.

Lebo za Ognyan zinaishia hapo. Mapafu yake yaliishia hapo.

Februari nililazwa kwa ajili ya nyonga.
Usiku wa pili skrini zote za wodi zikageuka nyekundu:
faili zenu zimefungwa, lipeni, saa inahesabu.
Muuguzi Yordanka, umri wa mjukuu nisiye naye,
aliandika shinikizo la damu yangu kwenye kasha la glavu.
Mzee wa kitanda cha nne alingoja damu,
na kundi lake la damu lilikuwa ndani ya kufuli
la mtu asiyemjua, katika nchi tusiyoijua.
Alfajiri kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Sisemi ni ukoo mmoja.
Nasema tu niliutambua mshono:
kujificha, kungoja saa, kuomba mkono wa mwingine.
Niliuona ukishonwa mezani petu, kati ya redio na mtungi wa pilipili,
na mimi ndiye niliyepeleka chai.

Ya kumi na moja haina lebo.
Mashine ya zamani bado inawaka, inanguruma kama jokofu.
Miaka ishirini nimeichukua disketi ile mkononi
na kuirudisha.
Huenda ni majani. Huenda ni jina langu.
Huenda ni kitu ambacho hata yeye alikiogopa.

Leo, saa kumi na moja kasoro dakika mbili, nimeisukuma ndani.
Naisikia ikitafuta, ikikwaruza,
kama mtu anayefuta viatu kizingitini.
Kasoro moja.
Ufagio nimeuegemeza karibu.