Mistari Sita

Miaka thelathini na minane nimepita mbele yake
nikienda Mwembe Tayari kununua mabati na lehemu,
sijawahi kukanyaga kizingiti.
Leo nimeitwa. Paa linavuja juu ya kinanda.

Mlangoni mkono ukashuka wenyewe kuvua makubadhi.
Mkamburi, mwenye funguo, akacheka:
"Vaa, fundi. Humu misumari ni mingi kuliko waumini."
Nikavaa. Ila nilitanguliza mguu wa kulia.

Mwanangu Mwanaidi anafua mashuka ya hospitali
katika mji wa Uingereza ambao jina lake lanishinda ulimi.
Mwezi jana alinitumia picha: kasimama chini ya kanisa lao kuu,
yeye punje ya mchele, ukuta gunia.
Juu, dari imepindwa mbavu kwa mbavu
kama mifupa ya nguru sinia lirudipo jikoni.
"Baba, walijenga miaka mia mbili.
Aliyeweka jiwe la kwanza hakuliona la mwisho.
Na huko kwetu lipo?"
Nikamjibu lipo. Akauliza, likoje ndani?
Nikasema mtandao unakatika.

Basi ndani ni hivi, Mwanaidi.
Kuna baridi ya mtungi.
Madirisha yamechongoka juu, hayatishi,
yanamwaga nyekundu na samawati sakafuni,
na paka (yuko paka, wa Mombasa, hana dini)
kalala penye nyekundu.
Viti ni vya mvule. Mgongoni mwa kimoja
mtoto kaandika KAZUNGU kwa ncha ya bikari.
Kuta ni matumbawe na chokaa; ukizigonga
zinajibu kama za nyumba ya bibi yako Kibokoni,
ile tuliyouza.
Sikutaraji kuikuta sauti hiyo humu.

Nikapanda ngazi. Ngazi ikaisha, nikapanda boriti.
Huko, kati ya dari na bati,
hakuna mtakatifu wala malaika. Kuna popo, kuna joto,
kuna mavi ya njiwa ya tangu enzi za rupia.
Tochi mdomoni, natafuta tundu,
nikaona ukutani mistari.
Sita, kisha pengo. Sita, kisha pengo.
Imekwaruzwa kwa mwiko chokaa ingali mbichi,
safu juu ya safu, hadi pembeni inapozama gizani.

Hesabu ya siku. Kila fundi anaijua:
tajiri ana daftari lake, nawe una ukuta wako.

Lakini lile pengo, mwanangu.
Nimekaa nalo mpaka miguu ikafa ganzi.
Ni Jumapili, mzungu kafunga kazi?
Au ni Ijumaa, na mwenye mwiko kashuka,
kanawa vumbi la kanisa,
kaingia safuni na chokaa kwenye kucha?
Mistari haisemi. Sita ni sita.
Nilihesabu wiki arubaini na moja.
Mahali pamoja ni mitatu tu, kisha ukuta mtupu,
kisha inaanza tena, imelalia upande mwingine:
mkono mwingine, labda,
au ni uleule, ulivunjika ukaungika vibaya.

"Fundi, umelala?" Mkamburi, toka chini.
Nikamwambia tundu nimeliona, dogo, kama shilingi.
Nikalehemu.
Akauliza, kuna kingine huko cha kuziba?
Hakuna, nikasema.

Nilitoa simu nikupigie picha. Nikairudisha.
Ungemwonyesha mtu, mtu naye mtu,
wangekuja na ngazi ndefu, na jibu.

Kabla sijashuka nilijaribu kuweka wangu, mmoja,
kwa ncha ya msumari. Siku moja ya kazi, haki yangu.
Chokaa imekuwa jiwe.
Haukuingia.

Likoje ndani, uliuliza.
Kuna ubaridi. Halivuji tena,
hadi masika yaseme vingine.