Mshono

Zenobia wa Lublini,
theluji i dirishani,
daraja liko mezani:
ni namba, bado si chuma.

"Ribiti sitazitaka,"
(wakubwa wakamcheka)
"chuma kwa moto chashika
kama mfupa na nyama."

Siku ya kulivukia
umati ulisusia:
"Mshono utaachia!"
Hata farasi wagoma.

Akashuka chini yake
na mama na kiti chake,
sufu mkononi mwake;
malori yakanguruma.

Thelathini, ya kokoto,
ukatetema na mto;
mama, kwa macho mazito,
alizidi tu kufuma.

Vita Polandi vikaja.
Afisa, na yake hoja:
"Tulivunjeje daraja?
Adui yuaja nyuma."

Chaki akaitafuta,
mkono haukusita,
mshono akaupata,
akautia alama.

Ulipofika mlio
hakuziba masikio,
akaandika tukio:
hesabu ilisimama.

Lipo jipya siku hizi.
Waziri kakata uzi,
bibi akashuka ngazi
taratibu, akihema.

Akanyoosha mkono,
akapapasa mshono,
pasina kutoa neno
akaketi, akafuma.