Mfalme wa Chale

Fremu ndiyo niliyoitaka.
Elfu nne, Kiboriloni, vuli ikinyesha,
chini ya turubai, kati ya pasi za mkaa
na viatu visivyo na wenzao.
Nilitaka kumtia Aikande humo, na gauni lake la kipaimara.
Nikang'oa misumari minne,
na huyo akanitazama.

Mfalme. Nani, sijui.
Mchwa walianza na jina,
wakala nchi, wakala mwaka,
wakabakiza neno moja chini ya kifua.
Padre Assenga alilisoma bila miwani:
"Rex. Mfalme. Basi."

Kofia imelalia sikio, unyoya mmoja.
Shingo nene ya mtu asiyeitwa mara mbili.
Jicho la kushoto linajua jambo
ambalo la kulia bado halijaambiwa.

Nikampeleka kwa Ndeoruo, nyuma ya posta,
fundi wa mihuri na vikombe,
aliyewaandika mabingwa wa shule zote, Mwika hadi Sanya Juu,
na vibati vya majeneza, bei ileile kwa herufi.
Akapachika lenzi jichoni.
Akanyamaza mpaka chai ikafanya utando.

"Hapa hakuna kijivu," akasema.
"Ni wino na karatasi tu. Kivuli hukioni, unakidhania."

Nikainama. Kadiri nilivyomsogelea
mfalme akatoweka:
shavu likawa mteremko wa Uru,
mifereji juu, mifereji chini,
kila mmoja ukipinda pale mlima unapopinda,
ukinenepa penye kiza, ukikonda kuelekea nuru
hadi ukakauka kabisa kwenye ncha ya pua.
Nikarudi hatua moja nyuma.
Naye akarudi, na ghadhabu zake zote.

"Shaba huchanjwa," akasema Ndeoruo,
"kama bibi alivyotuchanja kifuani.
Wino husuguliwa humo kama dawa,
kisha uso unapanguswa, unang'aa, hauna neno.
Kilichobaki jerahani ndicho kinachosema.
Tena alichonga kinyume, kulia kushoto.
Hilo nalijua. Miaka thelathini
nasoma jina la kila mtu kutokea mgongoni."

Ukucha wake ukatua chini ya sikio.
"Hapa aliteleza."
Mstari mmoja umevuka kola,
umekwenda usikotumwa.
"Akaufanya unywele. Umeuona?
Aliketi, akatukana, akaufanya unywele."
Akacheka peke yake, kama mtu
aliyepokea salamu kutoka mbali sana.

Hakuniuliza kitu kuhusu mfalme.

Jioni, dukani, nikasema kama tusemavyo sote,
"Mangi, nipimie sukari nusu,"
na cheo cha watawala wa mlima
kikainua kichwa chini ya balbu,
kikatafuta jiwe la mizani.
Penye kona ya jicho lake mistari mitano,
mmoja umeteleza hadi shavuni.
Nilisahau chenji.

Picha ya Aikande nimeiweka nyuma yake.
Wamepeana migongo humo ndani,
yeye na gauni jeupe, yule na unyoya.
Misumari nimerudisha mitatu, wa nne ulipinda.
Siku moja mtu ataitaka fremu.